Nimeandika dira ya maisha yangu, mume wangu kajitafuta humo hakujiona

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa msomaji wako wa kimya kwa miaka mingi, wa kusoma na kutikisa kichwa. Sikudhani kuna siku nami nitashika kalamu. Naomba jina langu usilitoe.

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine mitano. Ni mhasibu. Kazi yangu siichukii. Siwezi kusema naipenda pia, naijua, basi.

Miezi mitano iliyopita ofisi ilituletea mkufunzi kwa siku mbili, mada yake kujiwekea dira ya maisha. Ni mtu hodari wa kuzungumza. Akisimama pale mbele unaona miaka yote uliyoishi ilikuwa ya kubahatisha. Alitusimulia utafiti mmoja, kwamba mwaka 1953 wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani waliulizwa nani kati yao ameyaandika malengo ya maisha yake, wakapatikana asilimia 3 tu. Miaka 20 baadaye, hao asilimia 3 walikuwa na mali kuliko wale 97 wote wakijumlishwa pamoja. Ukumbi ulinyamaza kimya. Mimi nilijihesabu papo hapo kwenye wale 97, nikaona aibu kama mtu aliyefumaniwa.

Akatugawia karatasi, akatupa dakika 30 tuandike tunataka kuwa nani baada ya miaka mitano na kumi. Niliandika bila kuinua kichwa. Nakunukulia ilivyo: Kufikia miaka 40 niwe mkuu wa idara. Niwe na shahada ya uzamili. Niwe na nyumba yangu. Niwe na kampuni ndogo ya kuwashauri wafanyabiashara wadogo mambo ya kodi. Niwe nimetembelea nchi tano. Niwe mtu anayeheshimika katika fani. Mkufunzi alipita nyuma yangu akasoma, akanigonga bega: "Huyu anajua anakokwenda." Shangazi, siku ile nilirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Nikaibandika karatasi kwa seloteipu ndani ya mlango wa kabati la nguo, kama tulivyoelekezwa, niione kila asubuhi.

Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Wiki ya pili au ya tatu alifungua kabati kutafuta shati, akasimama. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani namfunga mdogo kamba za viatu, nikamwona anasoma. Alisoma mara mbili, maana niliona macho yake yakirudi juu. Kona moja ya karatasi ilikuwa imebanduka. Akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika. Kisha akaniuliza, wala si kwa hasira, "Mimi niko mstari wa ngapi?"

Nilicheka. Nikamwambia hiyo ni karatasi ya mambo ya kazi. Akasema sawa, akachukua shati lake. Hatujalizungumza tena hadi leo, lakini swali lile limekataa kutoka kichwani. Nilirudi kuisoma karatasi, na ni kweli hayumo. Watoto hawamo. Mama yangu, ninayempigia simu kila jioni, hayumo. Hata mimi mwenyewe, nikisema ukweli, sijioni. Namwona mwanamke fulani aliyevaa vizuri, anashuka kwenye gari.

Nikaamua niandike upya. Nimenunua daftari. Nimetazama video mtandaoni, nimekata picha kwenye magazeti nikazibandika ubaoni, nimejaza ile michoro ya "gurudumu la maisha". Kila nikikaa, ama narudia yaleyale kwa maneno mengine na kuchomeka "na familia yenye furaha" mwishoni kama mtu anayebandika stempu kwenye bahasha, ama ukurasa unabaki mweupe. Usiku usingizi hauji. Naona watu wote ninaowajua wanajua wanachokitaka. Mdogo wangu ana miaka 29, tayari ana mpango wa miaka 15 kwenye kompyuta, kila safu na rangi yake.

Sasa lenye haraka ni hili. Kwa moto ule wa semina niliomba nafasi ya kusoma uzamili, na nimeipata. Ni mji mwingine, miaka miwili, nitakuwa narudi nyumbani wikendi mbili kwa mwezi. Ada ofisi italipa nusu. Natakiwa nijibu ndani ya wiki tano. Mume wangu nimemwuliza, akasema, "Ukitaka kwenda nenda, tutajipanga." Jibu hilo ndilo linalonitesa, kwa sababu sijui kama nataka. Najiambia nikishaipata dira yangu nitajua. Na dira haiji.

Kuna wenzangu wawili wapya kazini wanaobaki nami kila Jumatano baada ya saa za kazi, nawaelekeza kufunga hesabu za mwezi. Wiki iliyopita nilitaka kuwaambia tuache, ule muda niupeleke kwenye daftari langu. Nikashindwa kuwaambia. Nikajikasirikia kwa kukosa msimamo.

Shangazi, mtu anaipataje dira yake? Je, nimechelewa? Na mume wangu nimjibu nini?

Mwenye Karatasi Kabatini

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote macho yamenikwama kwenye kidole gumba cha mume wako. Nitarudi hapo.

Niseme kwanza nilivyokuelewa. Uliandika dira kwa nusu saa, katikati ya ukumbi wa watu, ikakupendeza, ukaibandika. Mtu mmoja akauliza swali moja, karatasi ikaisha nguvu. Tangu hapo unaitafuta nyingine, na kwa kuwa umejiapia kwamba chuo utakijibu ukishaipata, sasa hata dira yenyewe imewekewa tarehe ya mwisho. Yaani una mambo matatu, dira, mume na chuo, nawe umeyafunga kwa kamba moja. Ukivuta hili, lile linakaza. Mimi ningeyafungua.

Tuanze na wale asilimia 3. Mwanangu, utafiti huo haupo. Hadithi hiyo imezunguka kwenye semina kwa miongo na miongo, mara ni Yale 1953, mara ni Harvard 1979, lakini waandishi wa habari walipoifuatilia, na Yale wenyewe walipopekua kumbukumbu zao, kazi ya namna hiyo haikuonekana. Simwiti mkufunzi wako mwongo. Huenda naye aliisikia kwa mkufunzi mwingine aliyekuwa na sauti nzuri zaidi. Ninachosema ni kwamba ile aibu ya kujihesabu kati ya wale 97 ilikuwa aibu ya bure, na karatasi yako uliiandika ukiwa bado umeishika aibu hiyo mkononi.

Isome tena kwa jicho hilo. Je, yale ni mambo unayoyataka, au ni mambo yatakayokutoa kwenye kundi la walioachwa? Inawezekana ni yote mawili. Ile kampuni ya kuwashauri wafanyabiashara wadogo naona imetoka kwako. Ni mahususi mno kuwa kitu cha kuazima. Lakini nchi tano? Kwa nini tano, na ni zipi? Na hiyo miaka 40 imetoka wapi? Hujaniambia kuna kitu chochote kinachofungwa siku hiyo.

Usinielewe vibaya nikaonekana nayadharau malengo. Tangu mwanasaikolojia Edwin Locke aanze kuandika juu ya jambo hili miaka ya 1960, imethibitika mara nyingi kwamba lengo mahususi lenye ugumu wake humsukuma mtu kuliko kumwambia "jitahidi" tu. Ila wanasaikolojia wawili, Kennon Sheldon na Andrew Elliot, mwaka 1999 waliongeza jambo linalokuhusu zaidi wewe. Wanaofuata malengo yanayotoka kwenye mapenzi yao wenyewe hudumu kuyahangaikia, na wakiyafikia huridhika zaidi, kuliko wanaoyafuata kwa kusukumwa au kwa kujiona wana hatia. Yaani unaweza kupanda mpaka juu kabisa, ukafika, usihisi kitu.

Neno dira lenyewe tumelitumia mpaka limechakaa. Kabla halijaingia kwenye kumbi za semina, dira ni kile chombo cha mabaharia chenye sindano. Haina orodha ya bandari. Haikuambii ushuke wapi, inakuambia chombo kimeelekea upande gani, hata usiku, hata ukiwa umepotea. Karatasi yako ni bandari tu. Bandari zinahitajika, mwanangu, la sivyo tutazunguka majini mpaka tuzeeke. Lakini mtu akikuuliza, "Ukishakuwa mkuu wa idara, kisha?", karatasi haina jibu. Nadhani hilo ndilo lililokutokea ulipoirudia ukamkuta yule mwanamke anayeshuka kwenye gari.

Sasa nirudi kabatini.

Benjamin Franklin, yule wa Marekani wa karne ya 18, alipokuwa kijana alijiandikia orodha ya tabia njema za kuzifuata, zikatimia 12. Akawa na kijitabu anachotia nukta nyeusi kila alipoteleza. Rafiki yake mmoja wa madhehebu ya Quaker akamwambia, kwa upole, kwamba watu wanamwona ana majivuno. Franklin akaongeza ya 13, unyenyekevu. Pamoja na akili zake zote, kasoro ile hakuiona mwenyewe. Ilikuwa mgongoni pake, na mgongo wako huonwa na aliye nyuma yako.

Mume wako amefanya kazi ya rafiki huyo. Na tazama alivyoifanya. Hakuibandua karatasi. Hakuidharau. Aliikuta imeanza kuachia, akaikandamiza mpaka ikashika, ndipo akauliza. Wewe ulilisikia swali lake kama lawama, na huenda ni lawama kweli. Huenda pia ni mtu anayetaka kujua atakaa wapi kabla chombo hakijang'oa nanga. Mimi sijui. Wewe nawe hujui, kwa sababu ulicheka, kama wengi wetu tunavyofanya tukiguswa pabaya. Na hata lile la "ukitaka kwenda nenda, tutajipanga" lina sura mbili. Linaweza kuwa baraka, linaweza kuwa mtu aliyekwisha kujiondoa kwenye mazungumzo. Sauti yake uliisikia wewe, mimi nimesoma maneno tu.

Kwa hiyo kabla hujafikiria umjibu nini, labda umwulize kwanza aliuliza nini. Kitu kama: "Siku ile uliniuliza uko mstari wa ngapi, nikacheka. Sijaacha kulifikiria. Hasa ulikuwa unataka kujua nini?" Halafu unyamaze. Usimpelekee karatasi mpya ambayo umemchomeka mstari wa saba, ataijua. Hatari ya swali hilo ni kwamba unaweza kujibiwa. Anaweza kukuambia anaiogopa hiyo miaka miwili. Anaweza kukuambia naye ana lake, ila hakuwahi kugawiwa karatasi. Nimepitia barua yako yote nikitafuta yeye anataka nini maishani, sikukuta. Sikulaumu, barua ilikuwa yako. Nimeliona tu.

Hapohapo nikuwekee na breki. Mume kutokuwemo kwenye karatasi yako si dhambi. Nimeshapokea barua nyingi za wanawake waliojiandikia dira iliyojaa watu wengine wote, watoto, mume, wazazi, wakwe, hadi siku watoto wamehama ndipo wakagundua wao wenyewe hawakuwa na hata mstari. Kwa hiyo ukirudi kuandika kwa kujilipiza, ukafuta kampuni na uzamili ukajaza majina ya watu, utakuwa umehama kosa moja kwenda jingine. Na dira ya pamoja ya wanandoa ni kitu kizuri, ila nahodha wawili kwenye usukani mmoja, unajua mrama wake. Wengine huandika kila mtu yake, kisha wakakaa kuzisoma pamoja, waone wapi zinagongana. Huo mgongano ndio wenye maana kuliko kurasa zote mbili.

Ukurasa mweupe. Unaniambia wenzako wote wanajua wanachokitaka. Una uhakika? Unachokiona kwa mdogo wako ni jedwali lenye rangi. Nami nilikuwa na langu. Nilipokuwa na miaka 28 niliandika maisha yangu yote hadi 50 kwenye daftari la jalada gumu, na nilipohama nyumba miaka mingi baadaye nikalikuta chini ya sanduku. Nilikaa sakafuni nikalisoma. Karibu nusu ya mambo nilikuwa nimeyapata, na mengine nilipoyapata sikuona hata kama yamekuja. Kazi hii ya kusoma barua zenu, ambayo leo nisingeibadilisha na kitu, haikuwa na hata neno moja mle. Nilipoandika sikujua kama ipo.

Si mimi peke yangu. Mwaka 2013 watafiti Quoidbach, Gilbert na Wilson walichapisha kazi iliyohusisha watu zaidi ya 19,000, wa miaka 18 hadi 68. Watu wa kila umri walioulizwa ya nyuma walikiri kwamba wamebadilika sana miaka kumi iliyopita, na wenzao walioulizwa ya mbele wakaamini kwamba miaka kumi ijayo hawatabadilika sana. Kila mmoja anadhani amekwisha kuwa yule atakayekuwa. Kwa hiyo dira unayoitafuta kwa hofu hivyo, kana kwamba ukiikosea umekwisha, utaiandika upya hata hivyo. Iandike kwa penseli. Na hapo swali lako la kuchelewa nalipita tu: kuchelewa kwa kitu gani?

Lakini bado unataka pa kuanzia, naelewa. Mimi ningeanzia mahali ambapo kalamu yako haikusita. Uliandika kwamba ulishindwa kuwaambia wale vijana wawili muache Jumatano, ukajikasirikia kwa kukosa msimamo. Mbona mimi nauona ndio msimamo wenyewe? Daftari la dira lilitaka kuila Jumatano, na kitu fulani ndani yako kikakataa. Simu ya mama yako kila jioni nayo hujaigusa, hata kwenye miezi hii ya kukosa usingizi.

Sasa sikimbilii kukuambia wewe ni mwalimu uliyepotea njia. Watu huvunja kazi zao kwa mahitimisho ya haraka namna hiyo. Chunguza kwanza ni nini hasa kilichomo kwenye Jumatano ile. Ni ofisi kuwa kimya? Ni wao kukuhitaji? Ni ile dakika ambapo tarakimu zilizokuwa zinakataa zinalingana, na uso wa aliyekaa karibu nawe ukafunguka? Kila jibu linaelekea upande wake. Mwenye kupenda ile dakika anaweza kuipata kwenye idara atakayoiongoza, au kwenye kampuni yako ile ya kodi, maana mfanyabiashara mdogo mwenye risiti zake ndani ya mfuko wa plastiki ni mwanafunzi vilevile.

Kuna zoezi ambalo Laura King, mwanasaikolojia wa Marekani, alilifanyia utafiti uliochapishwa mwaka 2001. Watu waliandika dakika 20 kwa siku, siku nne mfululizo, juu ya maisha yao yajayo mambo yakiwa yamewaendea vizuri kadiri inavyowezekana. Wengi walijisikia vizuri zaidi, na miezi kadhaa baadaye walikuwa wameugua kidogo kuliko walioandika mambo ya kawaida. Ukilijaribu, ningekuomba ulipindishe kidogo. Usiandike utakuwa na nini. Andika Jumanne moja ya kawaida, miaka kumi kutoka sasa. Si siku ya mahafali, wala ya kuhamia nyumba mpya. Jumanne. Nani kakuamsha? Unaelekea wapi saa mbili asubuhi, umebeba nini mkononi? Mchana nani anakupigia, unafurahi au unakunja uso ukiona jina lake? Jioni mlango unafunguliwa na nani? Kama ukijikuta unaandika gari tena, usijali, endelea mpaka ushuke kwenye hilo gari uingie ndani ya jengo.

Siku ya nne, geuza. Andika Jumanne ya yule mtu unayeogopa kuwa. Watafiti Hazel Markus na Paula Nurius walieleza mwaka 1986 kwamba tunatembea na nafsi nyingi za kesho, zile tunazozitamani na zile tunazoziogopa, na zote mbili zinatuongoza. Nahisi huyu wa pili utamwandika haraka kuliko yule wa kwanza. Na pengine atakueleza kwa nini uliinama bila kuinua kichwa siku ile ukumbini.

Ule ubao wa picha sikuambii uung'oe, ila usiutazame sana. Watafiti Gabriele Oettingen na Thomas Wadden waliwafuatilia wanawake waliokuwa wakipunguza uzito. Kazi yao ilitoka mwaka 1991. Walioamini kwamba wataweza, walifanya vizuri. Lakini waliokuwa wakijipigia picha tamu kichwani, wamekwisha kupungua na kila mtu anawasifu, walipungua kidogo kuliko wenzao. Ndoto tamu humfanya mtu apumzike kana kwamba amefika. Kwa hiyo kila ukimaliza kuandika, ongeza mstari mmoja wa uchungu: ni nini ndani yangu kitakachonizuia? Si ofisi, si mume, ndani yangu. Wewe kimoja tayari unakijua. Ukisifiwa, unaacha kujiuliza.

Na ikiwa hata hilo ni zigo, liache. Dira inaweza kugeuka fimbo ya kujichapia kila usiku. Inaweza pia kuwa maficho, maana mtu anayeandika dira hajibu barua ya chuo. Usingizi nao usiupuuze. Ukiendelea kukukimbia, au ukianza kuona kila kitu hakina ladha, mtafute daktari au mshauri wa kukaa naye ana kwa ana. Safu hii haitoshi kwa hilo.

Kuhusu chuo, unasema ukiipata dira utajua. Wengi nimewaona kinyume chake. Walikwenda, wakajua wakiwa hukohuko. Wengine walibaki, wakajua kwa kubaki. Ukienda sasa, nusu ya ada ipo na kiti kipo, lakini mtoto wako wa miaka mitano atakupokea akiwa na saba, na wikendi mbili kwa mwezi ni kama safari 48 kwa miaka yote miwili. Wewe ni mhasibu, hesabu hiyo kaa uipige na mume wako, pamoja na nusu ya pili ya ada na nani atafunga kamba za viatu. Ukiomba kuahirisha mwaka mmoja, vyuo vingine hukubali na vingine hukataa. Uliza kwa maandishi, na uulize ofisi kama ahadi yake itadumu mwaka ujao, maana huko ndiko watu huumia. Kuna masomo ya jioni na ya mbali, yanayokuacha nyumbani huku yakila usiku wako wote na zile Jumatano. Na ukikataa kabisa, ujue kama unaikataa kwa sababu huitaki au kwa sababu umechoka kuamua. Ukichelewa hivi vya kutosha, tarehe itakuamulia.

Ningefanya kitu kimoja kabla ya wiki tano kwisha: ningetafuta mtu mmoja aliyemaliza kozi hiyo na mmoja aliyeiacha katikati, niwaulize Jumanne yao ilikuwaje. Zilinganishe na zile zako mbili.

Karatasi ya kabatini usiibandue kwa sasa. Ila ning'iniza kalamu kando yake, upande wa mashati.

Wako,
Shangazi